Muhuri Kwenye Karatasi Tupu

Karani wa mahakama alileta wito ofisini kwetu Jumatatu saa nne asubuhi, akanitaka nisaini kwenye daftari lake, kisha akabaki amesimama mlangoni kama mtu anayengoja kukaribishwa soda. Sikumkaribisha. Nilivaa miwani mipya niliyopewa baada ya kupasuliwa jicho, nikasoma. Nilitakiwa kufika mahakamani Alhamisi saa tatu, nile kiapo, kisha nieleze mbele ya hakimu kwamba tafsiri iliyoambatanishwa ni yangu na ni sahihi.

Wito wa mahakama haunitishi. Nimefundisha Kiingereza miaka ishirini na miwili, na baada ya kustaafu nimekuwa mfasiri wa kiapo miaka kumi na tisa. Hata watoto wa mtaa huu huniita Mama Muhuri. Kilichonitisha ni tafsiri yenyewe. Ilikuwa ya kurasa tatu, kila ukurasa una muhuri wangu wa duara chini upande wa kulia, na saini yangu imepita katikati ya muhuri, na mimi sikuwahi kuiona maishani mwangu.

Niliisoma nimesimama. Zilikuwa jumbe za simu, kumi na moja, ambazo binti mmoja muoka keki alimwandikia rafiki yake kwa Kiingereza, kile Kiingereza cha vijana. Chini ya kila ujumbe palikuwa na Kiswahili. "Keki zangu zina madawa ya kulevya." "Wale wa ofisini wameshakuwa mateja." "Leo nimenunua mzigo mzuri, tena kwa bei rahisi." "Ile krimu ya juu ndiyo inayoua." Siku mbili baada ya ujumbe wa mwisho, watu tisa wa ofisi moja walikula keki ya binti huyo kwenye sherehe ya kumuaga mwenzao, na jioni yake wote tisa wakawa hospitali wanatapika na kuona kizunguzungu. Binti akakamatwa. Alikuwa rumande wiki ya tano sasa. Keki iliisha yote siku ile, hapakubaki hata chembe ya kupima, kwa hiyo ushahidi uliokuwepo ni kurasa hizi tatu na muhuri wangu. Karani aliniambia, bila kuulizwa, kwamba kosa kama hilo watu wanafungwa miaka saba.

Nilitazama tarehe chini ya saini. Tarehe sita. Tarehe sita mimi nilikuwa nimelala wodi ya macho, jicho moja limefungwa bandeji, na jicho la pili haliwezi kusoma hata bango la duka.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo wafasiri wote wanalijua na hakuna anayelisema. Kazi yetu ni vyeti. Vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, barua za kuombea safari. Maneno ni yale yale, yanayobadilika ni majina na tarehe. Mteja anakuja asubuhi anataka mchana, na ukimwambia arudi wiki ijayo anakwenda kwa mwingine. Kwa hiyo kabla sijaenda kupasuliwa nilikaa mezani, nikachukua karatasi arobaini nyeupe, nikazigonga muhuri moja baada ya nyingine, nikazitia saini zikiwa tupu, nikazifungia kwenye droo. Ufunguo nikampa mdogo wangu. Nikamwambia: vyeti tu.

Mdogo wangu ndiye anayepiga chapa ofisini. Ana miaka hamsini na mmoja na vidole vyake havigusi vitufe vya kibodi, vinapita juu yake tu. Ndiyo maana wateja humwita Spidi. Tulizaliwa tumbo moja, tumezika wazazi pamoja, na tangu waume zetu watutoke, mmoja kwa maradhi na mwingine kwa miguu yake mwenyewe, tunaishi nyumba moja. Karani alipoondoka nilimwekea kurasa zile mbele yake na kumuuliza kama vyeti vya kuzaliwa siku hizi vinazungumzia madawa ya kulevya.

Alisoma mstari wa kwanza tu akajua. Alisema askari alikuja na barua, akamwambia hakuna mfasiri mwingine wa kiapo karibu na kwamba mshtakiwa hawezi kupandishwa kizimbani bila hizo karatasi. Alimweleza kwamba dada yake yuko hospitali. Askari akaketi kwenye benchi, akakunja mikono, akasema atangoja. Akangoja kutwa nzima. Wateja wakawa wanachungulia, wakimwona askari wanageuza.

Nilimfokea. Nina hasira, sikatai, na wanafunzi wangu wa zamani hata leo wakiniona barabarani huchomekea mashati. Nilimwambia kwamba amekisia, kwamba amemfunga mtoto wa watu kwa kukisia, kwamba miaka yote hii nimemfundisha jambo moja tu na hilo moja amelitupa. Yeye alingoja nimalize. Kisha akainuka, akaenda kwenye kabati, akarudi amekumbatia sanduku langu la kadi.

Sanduku hilo ni fahari yangu, na nisipolieleza hamtaelewa. Kiingereza cha darasani hakijawahi kunitosha. Nilipenda kile kinachosemwa pembeni, maneno ambayo ukiyashika moja moja unayajua yote, ukiyaunganisha hujui hata moja. Mtu akifa wanasema amepiga ndoo teke. Mvua kubwa kwao ni paka na mbwa. Aliyefichua siri amemwaga maharage, na anayekwenda kupokea adhabu yake bila kukimbia amegeukia muziki. Kila nilipokutana na msemo wa namna hiyo niliuandikia kadi: msemo juu, maana katikati, na chini kabisa rejea, yaani nimeutoa wapi. Kadi elfu tatu na mia nne. Sanduku la mbao, lina kifuniko cha bawaba, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa kabla hajaosha mikono. Nilipomchukua mdogo wangu ofisini, sheria ya kwanza niliyompa ilikuwa hii: usikisie, fungua sanduku.

Alilifungua. Akatoa kadi nne, akazipanga mezani mbele yangu kama mtu anayepanga karata.

Ya kwanza iliandikwa "dope", na chini yake: madawa ya kulevya. Ya pili "hooked": aliyenaswa na madawa, teja. Ya tatu "to score": kununua madawa kwa siri. Ya nne "killer": muuaji, kinachoua. Wino wa kijani. Mwandiko ulikuwa wangu, ile d yangu yenye mkia ambayo wanafunzi walikuwa wakiiga kunicheka.

"Sikukisia hata neno moja, Dada," alisema.

Nilitafuta kiti. Nilizigeuza kadi zile moja moja, nikatazama rejea, na zote zilisema kitu kimoja: kitabu cha upelelezi, kitabu cha upelelezi, kitabu cha upelelezi. Siku hizo mshahara wa mwalimu haukuruhusu vitabu vipya. Nilikuwa nanunua vile vya mtumba, vyenye majalada yaliyochanika, na muuzaji wa mtumba alikuwa na aina moja tu: mauaji, wizi, magenge, mzee wa kofia anayefuatilia watu kwenye mvua. Kiingereza changu chote cha mtaani nilifundishwa na majambazi. Halafu nikaona jambo lingine lililoniumiza zaidi. Kadi ya mwisho niliyoandika ilikuwa na tarehe ya miaka ishirini na sita iliyopita. Niliacha kwa sababu niliamini nimemaliza.

Hata hivyo, nisijipake rangi. Siku ile ya Jumatatu nilichofikiria kwanza ni muhuri. Nikikana kurasa zile, nitaulizwa muhuri umefikaje pale. Nikisema umefikaje, muhuri unachukuliwa, na huenda mimi na mdogo wangu tukasimama mahali pale pale anaposimama yule binti. Nilijiambia kwamba labda binti ana hatia kweli. Watu tisa hawatapiki bure. Nililala na wazo hilo, na asubuhi lilikuwa bado zuri.

Jumanne mama yake akaja.

Alikuwa dobi. Mikono yake ilikuwa imechujuka kwa sabuni hadi kwenye viwiko, na aprini hakuivua, aliigeuza tu upande mkavu uwe mbele. Aliamkia vizuri, akaketi ukingoni mwa kiti, akaniomba radhi kwa kunisumbua na kusema hakuja kuomba kitu. Alikuwa na swali moja. Wakili wa mwanawe alimwonyesha kwenye karatasi neno moja la Kiingereza na kumwambia hilo ndilo baya kuliko yote. Hajui Kiingereza, lakini neno lile alilitazama sana hadi akalikariri umbo lake. Usiku akawa anapekua simu, anatazama picha za mwanawe, akaliona.

Alinipa simu. Kioo kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe. Palikuwa na picha ya miguu yake mwenyewe imevaa viatu vya buluu, vya kamba, vyenye bizimu ndogo ya fedha, na chini ya picha mwanawe alikuwa amemwandikia kwa Kiingereza, kwa utani tu wa mtoto anayejua mama yake hasomi: Mama, viatu vyako ni "dope".

"Mwalimu," alisema, "hivi viatu vyangu navyo vina madawa?"

Aliuliza kwa dhati. Hakuwa ananisuta, alikuwa tayari kuvileta vipimwe.

Nimefundisha watoto miaka ishirini na miwili kwamba maana ya neno huisomi kwenye neno, unaisoma kwenye vitu vinavyokaa karibu nalo. Na sasa karibu nalo palikuwa na viatu. Sisi wenyewe tunasema wimbo mkali, nguo kali, bwana harusi katokea mkali, na hakuna anayekimbilia polisi. Binti alisema keki zake ni kali. Alisema watu wa ofisini wamenogewa. Alisema amepata bidhaa nzuri za kuokea kwa bei rahisi na krimu ya juu ni ya kufa mtu. Jumbe zote kumi na moja zilijipanga kichwani mwangu upya, na zilikuwa majigambo ya msichana anayeoka vizuri na anajua hivyo. Sikuwa na pa kujificha tena. Hata lile wazo langu zuri la asubuhi lilikuwa limeshakufa.

Nilimwambia viatu vyake havina kitu, kwamba mwanawe alisema vimempendeza sana. Alishusha pumzi, akatabasamu kidogo, akaitazama ile picha tena kama vile ndiyo kwanza ameipokea. Kisha akauliza kama Alhamisi nitamwambia hakimu hivyo hivyo. Nikasema nitamwambia. Alipokuwa akitoka alipishana mlangoni na karani wa mahakama, aliyekuwa amerudi na nakala ya wito aliyoisahau. Karani alimtazama, akanitazama na mimi. Sikulitilia maanani.

Jumatano mimi na mdogo wangu hatukufanya kazi. Tulifunga mlango, tukakaa. Yeye ndiye aliyepata njia.

"Kubali tafsiri ni yako," alisema. "Halafu omba kuirekebisha. Useme uliteleza, umetafakari upya. Mtoto anatoka, na sisi hatuguswi."

Nilikubali haraka mno. Nilijua ni uongo chini ya kiapo, lakini ulikuwa uongo unaomtoa mtu jela, na nikajiambia uongo wa namna hiyo una uzito mdogo. Tuliandika tafsiri mpya, safi, kila ujumbe na maelezo yake. Mdogo wangu akaipiga chapa. Nikaigonga muhuri ikiwa imejaa, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na nikaona kwamba nimesoma kila mstari.

Alhamisi chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko nilivyokikumbuka. Mabenchi sita, feni moja inayozunguka kwa kujivuta, na dirisha lililozibwa kwa kabati la majalada. Binti alikuwa kizimbani tayari. Sikuwahi kumwona kabla. Alikuwa mwembamba, nywele zimefumuka nusu, na kwenye mikono yake, chini ya viwiko, palikuwa na alama zile za mistari ambazo mtu huzipata kwa kugusa trei za oveni. Mama yake alikaa benchi la pili. Alivaa vile viatu vya buluu. Mdogo wangu alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Nilikula kiapo. Mwendesha mashtaka alikuwa mwanamume mrefu, mpole wa sauti, aina ya mtu anayekuuliza kama unasikia baridi kabla hajakuumiza. Alinipa kurasa tatu na kuniuliza kama muhuri ule ni wangu. Ndiyo. Saini? Yangu. Na tafsiri?

"Yangu," nilisema.

Baada ya hapo nikaomba kuirekebisha. Nilieleza kwa utulivu, kama niko darasani. Nilieleza jinsi maneno ya vijana yanavyohama, kwamba lililokuwa tusi jana leo ni sifa, na nikatoa tafsiri mpya. Hakimu, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani nchani mwa pua, aliipokea na kuisoma yote bila haraka. Nilimwona wakili wa binti akikaa wima. Nilianza kupumua.

Mwendesha mashtaka aliinuka tena. Aliniuliza kama wakati naandika tafsiri ya kwanza nilikuwa na akili timamu. Nikasema ndiyo. Kama nilitumia vitabu vyangu na kumbukumbu zangu za kazi. Nikasema nilitumia sanduku la kadi. Akaniuliza kama kadi hizo zimebadilika kati ya tarehe sita na leo. Nikasema hapana. Akakubali kwa kichwa, kwa heshima zote.

"Basi kilichobadilika ni nini, Mwalimu?"

Yeye akaendelea, sauti ile ile.

"Juzi Jumanne, mama wa mshtakiwa alikuja ofisini kwako?"

Karani alikuwa ameinamia jalada lake, anaandika kitu ambacho hakikuwa na haja ya kuandikwa. Nikasema ndiyo, alikuja. Chumba kizima kikavuta pumzi. Mama mtu aliinua uso, hakuelewa kosa liko wapi. Alikuja kuuliza swali, akajibiwa, akaenda zake.

Hakimu alivua miwani. Alisema kwamba tafsiri ya kwanza niliiandika nikiwa sina ninayemhurumia, na ya pili nimeiandika baada ya kuliliwa na mzazi. Alisema hanilaumu kwa kuwa na moyo, lakini mahakama haiwezi kufuata moyo wa mfasiri. Itachukua tafsiri iliyoandikwa kwanza, kwa mujibu wa kiapo cha kazi, na hii ya pili itawekwa kando. Alimuuliza wakili wa binti kama ana swali kwangu. Wakili alisema hana.

Ile njia yetu nzuri ilikuwa imemfunga binti vizuri kuliko mwanzo. Nilipokiri tafsiri ni yangu niliipa nguvu ambayo haikuwa nayo. Na sasa ilikuwa karatasi ya mwalimu mwenye akili timamu, sanduku lake mkononi, hana wa kumhurumia. Nilimtazama yule binti. Hakulia. Alikuwa akitazama miguu ya mama yake, na mama yake alikuwa ameivuta chini ya benchi, kama mtu anayeficha kitu alichokamatwa nacho.

Karani alininyooshea mkono nishuke.

Nilitazama nyuma, mlangoni. Mdogo wangu alikuwa ananitazama. Alijua, amenijua tangu azaliwe. Alitikisa kichwa, kidogo sana, kuniambia nisifanye. Au nilidhani hivyo wakati ule. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa anatikisa kichwa kwa sababu alikuwa anajikaza asilie.

"Mheshimiwa, nimesema uongo," nilisema. "Naomba niseme upya."

Hakimu akavaa miwani.

Nikasema kwamba tarehe sita nilikuwa kitandani, wodi ya macho, na kwamba karatasi za hospitali ninazo kwenye mkoba. Nikasema kurasa zile tatu nimeziona kwa mara ya kwanza Jumatatu hii, karani huyu hapa aliponiletea. Hakimu aliuliza muhuri wangu na saini yangu vilifikaje kwenye karatasi nisiyoiona. Nilisema nilizigonga zikiwa tupu. Aliuliza ngapi. Nilisema arobaini. Kila jibu lilikuwa fupi na kila jibu lilinitoa ngozi. Mwendesha mashtaka hakuwa mpole tena wala mkali. Alikuwa amekaa tu, kalamu imesimama. Nilimwaga maharage yote, hadi ya chini ya gunia.

"Basi nani aliyeandika?" hakimu aliuliza.

Hilo ndilo nililoshindwa. Miaka sitini na mitatu, Kiswahili chote na Kiingereza chote nilichokuwa nacho, na jina la mdogo wangu halikutoka.

Benchi la nyuma likalia. "Mimi, Mheshimiwa," alisema mdogo wangu. Alikuwa amesimama, mkoba ameukumbatia kifuani. "Nilifuata kadi kama nilivyofundishwa. Kadi ni za zamani. Sikujua kwamba ni za zamani."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema kurasa zile tatu si tafsiri ya mtu yeyote aliyeapishwa, kwa hiyo si kielelezo, zitolewe kwenye jalada. Akampa mwendesha mashtaka wiki mbili kutafuta mfasiri mwingine, na binti akaachiwa kwa dhamana hadi hapo. Halafu akanigeukia na kuniuliza muhuri uko wapi. Huwa ninatembea nao, kama wengine wanavyotembea na tasbihi. Niliutoa kwenye mkoba, nikauweka juu ya meza ya karani. Una mpini wa mti, umeng'aa pale ninapoushika. Karani aliufunga kwenye karatasi, akaandika juu yake namba, na hakunitazama usoni.

Hayo yaliyofuata nayasema kwa kifupi. Mfasiri mwingine alitoka mbali, kijana, akatafsiri jumbe kumi na moja kwa nusu saa bila kufungua kitabu chochote. Ilikuja kujulikana pia kwamba ofisi ile ilikuwa na panya aliyekufa kwenye tangi la maji ya kunywa. Kesi ikafutwa. Yetu bado inaitwa, na watu ishirini na wawili wenye vyeti vilivyogongwa kabla ya kuandikwa wanapaswa kwenda kuvitafsirisha upya kwa mtu mwingine. Baadhi yao wamekuja kunisema mlangoni. Ninawasikiliza.

Lakini siku ile ya Alhamisi, tulipokuwa tumesimama nje ya mahakama mimi na mdogo wangu hatujui tuelekee wapi, walitoka. Binti alinipita bila kuniamkia. Nilistahili. Mama yake ndiye aliyesimama. Nilidhani atanishukuru, na nilikuwa nimeshaanza kuandaa jibu la unyenyekevu.

"Wiki tano, Mwalimu," alisema. "Na juzi nilikuwa nimeketi pale mbele yako."

Alimfuata mwanawe, na vile viatu vilimbana kidogo, alikuwa anatembea kwa kuchagua pa kukanyaga.

Nyumbani nilichukua sanduku, nikaketi mezani, nikatoa kadi tupu. Macho yangu mapya yanaona vizuri, sina kisingizio. Mdogo wangu alikuja akasimama nyuma yangu. Niliandika lile neno juu, na katikati maana: kitu kizuri sana, kikali, cha kujivunia. Chini, mahali pa rejea, ambapo miaka yote nilikuwa naandika jina la kitabu, niliandika viatu vya mama yake yule binti, kisha tarehe.